Jicho, lenzi au hadubini? Kuchagua kipimo cha uchafu kwenye vifaa vya upasuaji

Koleo lile la kubania mishipa lilikuwa limepita kila hatua. Mistari ya utepe wa otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, imegeuka myeusi, kiashiria cha ndani ya paketi kimebadilika rangi, tarehe na sahihi ya aliyefunga zipo. Nililifungua chini ya taa ya meza ili kumwonyesha mwanafunzi wa uuguzi jinsi kiungio kinavyofanya kazi, nikampa na lenzi. Akaangalia kwa muda, kisha akasema taratibu, “Kaka, hapa ndani kuna kitu.” Kilikuwa kiuzi cha rangi ya kahawia, kifupi kuliko punje ya mchele, kimelala pale ambapo vipande viwili vya chuma hupishana. Damu. Ilioshwa juu juu, ikapikwa kwa mvuke, ikafungwa vizuri.

Mvuke wa nyuzi 134 unaua vijidudu, lakini hauoshi. Uchafu ulioingia nao kwenye otoklevu utatoka nao, na ukiwa mnene unaweza hata kuwakinga bakteria walio chini yake, mvuke usiwafikie. Ndiyo maana kila anayesimamia chumba cha kutakasia vifaa hufika mahali akajiuliza: nitajuaje kwamba vimesafika kweli kabla sijavifunga? Njia zipo kadhaa, na siku hizi hadubini za hali ya juu zinatajwa sana. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua, akiwa na bajeti yake na watu wake.

## Vigezo kabla ya vifaa

Mimi huanza na maswali manne, na kila chaguo hapa chini nimelipitisha kwenye maswali hayo hayo. Kinaona nini, na kidogo kiasi gani? Kinakosa nini? Kinataka nini kwako: muda, umeme, mikono, na je, kifaa kilichopimwa kinaweza kurudi kwa mgonjwa? Mwisho, kinamfaa nani?

Swali la pili ndilo wauzaji hulipita haraka, kwa hiyo wewe lishikilie.

Ukubwa wa vitu unasaidia kuelewa. Jicho zima, penye mwanga mzuri, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Bakteria wengi wana urefu wa mikroni 1 hadi 2 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani ni wadogo mara hamsini au zaidi kuliko kikomo hicho. Hadubini ya mwanga hufika karibu mikroni 0.2, kikomo ambacho Ernst Abbe alikieleza Ujerumani mwaka 1873. Chini ya hapo unahitaji hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga.

Pia amua unatafuta nini. Watu wengi husema “vijidudu” wakati tatizo lao ni protini. Kuna kisa kimoja cha Uswisi ambacho kila anayeosha vifaa anastahili kukijua. Elektrodi za kupima umeme wa ubongo zilitumika kwa mgonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoua, zikasafishwa, zikawekwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 na mvuke wa formaldehaidi, kisha zikatumika kwa vijana wawili wenye kifafa. Wote wawili wakaupata ugonjwa huo. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1977. Miaka zaidi ya miwili baada ya kutumika, elektrodi zile zile ziliwekwa kwenye ubongo wa sokwe, naye akaugua. Kinachoambukiza pale ni prioni, protini iliyokunjika vibaya, ambayo Stanley Prusiner aliipa jina mwaka 1982. Haina uhai wa kuuliwa. Hushikamana na chuma kikaidi, na ikikaushwa juu yake hushika zaidi.

Uingereza, baada ya aina mpya ya Creutzfeldt-Jakob kutambuliwa mwaka 1996, walijaribu kuepuka tatizo kwa kutumia vifaa vya mara moja kwenye upasuaji wa tonsili. Hiyo ilikuwa 2001, na mwaka huo huo wakaviondoa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakitokwa damu zaidi. Ikabidi warudi kwenye kazi ngumu: kuosha vizuri, na kuthibitisha. Mengi tunayoyajua leo kuhusu hadubini na vifaa vya upasuaji yametoka kwenye kipindi hicho.

## 1. Jicho, taa na lenzi

Kinachoona. Damu kavu, mabaki ya tishu, mfupa, kutu, nyuzi za pamba, madoa ya chokaa ya maji. Lenzi yenye taa inayokuza mara tano inatosha kukuonyesha meno ya koleo, kiungio, na mfereji wa skrubu. Siku hizi zipo pia hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta au simu. Hazifikii bakteria, lakini zinakupa picha ya kumwonyesha aliyeosha, na picha hiyo inafundisha kuliko maneno.

Kinachokosa. Filamu nyembamba ya protini haionekani kwenye chuma kinachong'aa. Ndani ya mirija ya kufyonza huoni kitu kabisa, isipokuwa uwe na kamera ya kuchungulia. Na jicho huchoka: seti ya thelathini jioni haikaguliwi kama ya kwanza asubuhi.

Kinachotaka. Meza, taa, kiti, na mtu aliyeruhusiwa kusema “rudisha ikaoshwe” bila kugombezwa na chumba cha upasuaji kinachosubiri. Hilo la mwisho ni gumu kuliko kununua lenzi. Kifaa kinaendelea na safari yake bila madhara.

Kinamfaa nani. Kila mtu, kila siku, kila kifaa. Hakuna kati ya njia zinazofuata inayoweza kugusa vifaa vyote vya siku nzima, hii inaweza.

## 2. Vijiti vya kufuta: protini na ATP

Hapa kuna ndugu wawili wanaochanganywa mara kwa mara.

Kinachoona. Kijiti cha protini hufuta kifaa, kisha kemikali hubadilika rangi. Ninhidrini, kwa mfano, hugeuka zambarau ikikutana na asidi amino; ni kemikali ile ile inayotumika kuibua alama za vidole kwenye karatasi. Kijiti cha ATP hutafuta molekuli ya nishati iliyomo ndani ya seli, kwa kutumia kimeng'enya cha kimulimuli: mdudu yule yule anayemulika usiku shambani. Penye ATP kimeng'enya hutoa mwanga, mashine ndogo ya mkononi huusoma, na namba unaipata ndani ya nusu dakika hivi.

Kinachokosa. ATP haiioni prioni, haivioni virusi, na haikuambii kama ulichokifuta ni bakteria, damu au ugali ulioangushwa na mtu mezani. Namba ya mashine ya kampuni moja hailinganishwi na ya kampuni nyingine. Mabaki ya klorini yanaweza kuharibu jibu. Vijiti vya protini vina udhaifu wao: vinapima kile tu kilichokubali kung'oka. Protini iliyokaushwa kwenye chuma inabaki pale pale, kijiti kinatoka safi, nawe unafurahia jibu la uongo. Udhaifu huu ndio uliowafanya Waingereza, kwenye mwongozo wao wa kutakasa vifaa vya upasuaji, HTM 01-01, wa mwaka 2016, waweke kikomo cha mikrogramu 5 za protini kwa kila upande wa kifaa na kuhimiza ipimwe pale pale juu ya chuma badala ya kufutwa. Mikrogramu 5 ni kitu kidogo sana. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa makumi ya mikrogramu.

Kinachotaka. Mafunzo ya asubuhi moja. Lakini vijiti hununuliwa upya kila mwezi, na vya ATP vingi hutaka friji. Nimeona mashine nzuri ya msaada ikikaa kabatini kwa sababu vijiti vilikwisha na hakuna aliyeviweka kwenye bajeti. Uliza bei ya vijiti vya mwaka mzima kabla hujauliza bei ya mashine. Kifaa kilichofutwa huoshwa tena, kisha kinaendelea.

Kinamfaa nani. Msimamizi anayetaka kufuatilia mwenendo: wiki hii tumeoshaje kuliko wiki iliyopita, zamu ya usiku ikoje, mashine ya kuoshea inaanza kuchoka? Kwa meza, vitanda na taa za chumba cha upasuaji ATP hufaa zaidi kuliko kwa koleo, kwa sababu sehemu bapa hufutika sawasawa.

## 3. Hadubini ya mwanga wa juu na mng'ao

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye kutoelewana kwingi.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini tusiazime hadubini ya malaria kutoka maabara. Sababu ni kwamba ile hupitisha mwanga kutoka chini, kupitia kioo chembamba, hadi jichoni. Chuma hakipitishi mwanga, utaona giza. Hadubini ya kuchunguza vifaa humulika kutoka juu kupitia lenzi ile ile unayoangalizia. Kanuni hiyo si ngeni kwetu: hadubini za LED za kutafuta vimelea vya kifua kikuu, ambazo maabara nyingi za Afrika Mashariki wanazo, humulika hivyo hivyo. Tatizo la kuzitumia kwa koleo ni nafasi, kwani lenzi yake hukaribia sana kioo na koleo ni nene na lina mabonde. Zaidi ya hapo, singependa kifaa cha mgonjwa kipite kwenye meza ya makohozi.

Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kikundi cha Bill Keevil kilitumia hadubini iliyounganisha mambo mawili. La kwanza ni njia ya kutofautisha miale ya mwanga ambayo huupa uso wa chuma mwinuko na kivuli, kama jua la jioni linavyoziibua nyayo kwenye mchanga wa pwani ambazo saa sita mchana huzioni. Lenzi zake hukaa mbali na kifaa, kwa hiyo huhitaji kioo cha kufunikia wala mafuta. La pili ni rangi inayong'aa: unapaka rangi inayoshika protini, unamulika kwa mwanga wa rangi moja, na kila palipo na protini panawaka kwa rangi nyingine. Kwa njia hiyo walikuta mabaki kwenye vifaa vilivyokwisha kupita ukaguzi wa macho na kutakaswa, tayari kutumika.

Kinachoona. Filamu ya protini isiyoonekana kwa jicho, na mahali hasa ilipo: kwenye meno, kwenye kiungio, kwenye mkwaruzo. Huonyesha pia makundi ya bakteria na utando wao, yaani tabaka la ute wanalojijengea na kujificha ndani yake. Na huonyesha hali ya chuma chenyewe. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi kabla ya kuosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haupendekezi tena kuloweka kwenye dawa kabla ya kuosha, na ukiangalia chini ya hadubini koleo lililolowekwa hivyo kwa miaka, utaelewa upesi. Uso uliokuwa laini umejaa vishimo, na kila kishimo ni mfuko ambao brashi haiufikii.

Kinachokosa. Hakikuambii kama bakteria unaowaona wako hai, isipokuwa uongeze rangi maalumu au uwaoteshe. Nyuzi za pamba na karatasi zinaweza kung'aa zenyewe na kumdanganya asiyezoea. Ndani ya mirija hakiingii. Kikwazo kikubwa zaidi ni eneo: kwa ukuzaji wa mara 100, duara unaloliona lina upana wa milimita 2 hivi. Koleo la sentimita 14 lina pande mbili, meno, kiungio na vishikio. Ukitaka kulipitia lote kwa uaminifu, chai yako itapoa.

Kinachotaka. Chumba cha giza kiasi, umeme usiokatika ovyo, rangi zenye tarehe ya mwisho, na mtu aliyefundishwa kwa wiki kadhaa. Kifaa kilichopakwa rangi kinapaswa kuanza upya mzunguko wote, na mimi singekirudisha kwa mgonjwa mpaka mtengenezaji wa rangi awe ameandika kwamba inaoshwa ikatoka. Zipo pia mashine za mfano wa sanduku ambazo si hadubini kamili: kifaa hupuliziwa kemikali inayong'aa ikikutana na protini, kamera hupiga picha ya upande mzima, na kompyuta hukadiria kiasi kwa dakika chache. Hizo zinapoteza undani wa hadubini, zinapata kasi.

Kinamfaa nani. Hospitali kubwa ya rufaa yenye upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na nyuma ya jicho, chuo kinachofundisha, mtu anayebadilisha sabuni au mashine ya kuoshea na anataka ushahidi kabla ya kusaini mkataba. Kwa kuruhusu seti za kila siku, hapana.

## 4. Hadubini ya elektroni

Kinachoona. Karibu kila kitu chenye umbo, hadi nanomita chache. Ikiunganishwa na kipima eksirei, hukuambia pia elementi zilizopo: kalsiamu ya maji magumu, chuma na oksijeni ya kutu, au kaboni na naitrojeni za tishu. Mara nyingi mgogoro wa “hiyo ni damu”, “hapana, ni kutu” humalizikia hapo.

Nguvu yake ilionekana vizuri Australia. Mwaka 2012 Karen Vickery na wenzake walichapisha uchunguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi kilichokuwa kimeshafanyiwa usafi wa mwisho. Walikata vipande vya vitu vya chumbani humo na kuviweka chini ya hadubini ya elektroni. Utando wa bakteria ulionekana kwenye ndoo ya vifaa safi, mlango wa plastiki, mpira wa sinki, hata kamba ya kuvutia pazia la vipande. Na kwenye kamba hiyo waliotesha MRSA, bakteria sugu kwa antibiotiki. Kabla ya hapo wengi tulidhani utando huo hukaa kwenye mabomba na maji tu. Kumbe hata sehemu kavu.

Kinachokosa. Uhai, tena. Na prioni haitambuliki kwa umbo katika uchafu wa kawaida. Kipande kilichoangaliwa ni kidogo mno kukuambia habari za kifaa kizima.

Kinachotaka. Ombwe, sampuli iliyokaushwa, mara nyingi tabaka jembamba la dhahabu juu yake, na kifaa kukatwa kama hakiingii. Kifaa hicho hakirudi tena. Mashine ni ghali, na fundi wake ni adimu kuliko mashine.

Kinamfaa nani. Watafiti, na hospitali yenye tatizo ambalo njia nyingine zote zimeshindwa kulieleza. Huna haja ya kuinunua. Omba muda kwenye idara ya jiolojia au uhandisi wa metali ya chuo kilicho karibu, kwa sababu wao nao huitumia.

## Jambo moja linalozikosesha zote

Bakteria wa kundi la gramu hasi wakifa huacha sumu kwenye kuta zao, na joto la kawaida la otoklevu haliimalizi. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho, sumu hiyo au mabaki ya sabuni yanaweza kusababisha uvimbe mkali wa ndani ya jicho hata kama kila kitu kimetakaswa. Hakuna lenzi wala kijiti kati ya hivi kitakachokuonya. Kliniki za macho, angalieni maji ya kusuuzia mara ya mwisho, na msiache maji yaliyolala kwenye bafu la kuoshea usiku kucha.

## Kulingana na hali yako

Kama ni kituo cha afya chenye seti chache za uzazi na upasuaji mdogo, weka fedha kwenye brashi za ukubwa mbalimbali, sabuni ya kimeng'enya, na taa ya lenzi. Vifaa viwekwe katika hali ya unyevu mara tu baada ya kutumika, visikaukie kwenye ndoo vikisubiri zamu. Kununua kijiti cha ATP kabla ya brashi ya mirija ni kuanza mwisho.

Hospitali ya wilaya au mkoa yenye mashine ya kuoshea ianze na lenzi kwa kila kifaa, kisha vijiti vya protini kwa sampuli chache kila wiki, vikichukuliwa kwenye vifaa vigumu: makoleo yenye viungio, mirija ya kufyonza. Andika matokeo kwenye daftari moja ili mwenendo uonekane.

Kama wasiwasi wako ni meza, magodoro ya reksini na taa, kuna njia rahisi ambayo sikuiweka juu kwa sababu haitafuti uchafu: alama za jeli isiyoonekana, zinazong'aa chini ya tochi ya urujuanimno. Ziweke jioni, rudi asubuhi. Zilizobaki hazikufutwa. Iunganishe na ATP, na usiitumie kumvizia mhudumu wa usafi. Mwonyeshe yeye mwenyewe tochi.

Hospitali ya rufaa yenye upasuaji wa ubongo ina sababu ya kweli ya kutafuta kipimo cha protini juu ya chuma, iwe hadubini ya mng'ao au sanduku la kamera. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob wa kawaida hutokea kwa mtu mmoja au wawili kwa kila milioni kwa mwaka duniani kote, na mara nyingi hutambuliwa baada ya upasuaji.

Na kama umepata maambukizi ya vidonda yanayojirudia kwenye seti ile ile, na umeshabadilisha kila kitu, tafuta hadubini ya chuo. Toa koleo moja kwenye seti hiyo na jingine jipya la aina hiyo hiyo kwa kulinganisha. Usiyaoshe tena. Yafunge kwenye karatasi isiyotoa nyuzi, na kwenye bahasha andika umri wa kifaa, sabuni mnayotumia, maji yanatoka wapi, na kama yamewahi kulowekwa kwenye klorini. Bila maelezo hayo, mtu wa chuo atakurudishia picha nzuri za vishimo asivyoweza kukuambia vimetoka wapi.